Fungua Nione

"Imeshuka juzi kutoka Dubai," alisema Lushinge,
akaipangusa kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani.
Kompyuta ndogo, upana wa Biblia mbili zilizolazwa,
laki nne na ishirini, bila kioo, bila kibodi.
Nikamwambia: fungua nione.

Mimi ni mtu wa Mwaloni.
Gunia la dagaa silinunui kwa mdomo wa gunia.
Natia mkono hadi kiwiko, natoa wa chini,
nasugua kiganjani, natafuna mmoja.
Mchanga ukilia kwenye jino, najua walianikwa chini,
na maneno ya muuzaji yanaishia hapo.

Skurubu nne. Ya tano haikuwepo.

Prosesa kwanza, maana ndiyo aliyoisifia.
Kizazi cha sita: si mzee wa kuzikwa,
si kijana wa kutumwa mbali.
Kwa hesabu za wanawake thelathini na mmoja inatosha,
hatuendi nayo mwezini.
Lakini ile dawa ya kupitisha joto
ilikuwa ukoko wa sufuria lililosahaulika.
Nikakwangua kwa kucha, nikamwonyesha.
Akatazama barabarani.

Ramu: giga nne, kijiti kimoja,
na pembeni nafasi tupu, pengo la jino la mbele.
Pengo si aibu. Tutalijaza
giza la mwezi likitulipa.

Diski ni ya kuzunguka. Nikaitegea sikio.
Ilinguruma sawasawa, kisha tk, kisha tk,
kama mama mkwe anayehesabu makosa kimyakimya.
Hiyo niliikataa palepale.

Kapasita hazijavimba; samaki aliyevimba tumbo namjua.
Adapta siyo yake. Mashine inaomba wati sitini na tano,
yeye anaipa arobaini na tano,
na stika imebandikwa juu ya namba.
Kucha yangu tena.

Halafu feni.
Kati ya mapanga yake, vimeshonana, vimekauka,
vile vidudu vinavyoinuka ziwani kama moshi wa mji unaoungua,
vikaingia kwenye chai, kwenye kope, katikati ya sala.
Mia, mia mbili, na mabawa yao.
"Lushinge," nikasema, "Dubai kuna ziwa gani?"

Alicheka. Heri alicheka.
Ilitoka Kayenze, ofisi ya mizani iliyofungwa,
miaka mitano dirishani ikipulizwa na upepo wetu.
Kumbe ni mwenzetu, nikawaza.
Sikumwambia; bei ilikuwa bado.

Tukaiwasha. Ikaamka ikidai
leo ni tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa.
Betri ya saa, kidonge cha shilingi elfu mbili, imekufa.
Kitu kidogo, alisema, na bati mkononi.
Mimi hapo ndipo niliposimama kuliko kote.
Upole wa mashine tutauvumilia, daftari letu nalo ni la polepole.
Lakini daftari lisilojua leo ni lini
litamdai Nyanzala deni la kabla hajaolewa.

Laki tatu na kumi,
na diski isiyozunguka, na betri, na adapta halali, na dawa mbichi.
Feni niliisafisha mwenyewe, kwa mswaki.

Nikairudisha Kirumba ndani ya ndoo.
Mama Nshoma, mweka hazina, akaichungulia matunduni:
"Inakula nini?"
Umeme kidogo.
"Na ikinyimwa?"
Inasahau yote ambayo hukuyahifadhi.
"Ah. Basi ni mtu."

Usiku nikaandika wadaiwa, kwa ukubwa wa deni.
Tarehe ikakaa pembeni, sahihi, haipepesi.
Mstari wa pili ulikuwa jina langu:
elfu kumi na nane, tangu Machi.
Kidole kilikaa muda juu ya kitufe cha kufuta.
Feni ilizunguka,
haina hata kidudu kimoja cha kusingizia.