Kanda ya Themanini na Nane

Niliipa daraja la tatu siku ile ile ilipofika Wete,
na leo nimekuja kufuta.

Aliileta kaka yangu Mbarouk, baharia wa meli za watu,
ndani ya soksi, ndani ya kiatu,
chini ya zawadi za wengine.
Hevi metali. Jina la bendi kwa herufi zenye miba kama doriani;
sisi tukawaita Wahunzi, ikatosha.

Ya kwanza tulikuwa nayo.
Mimi na Kombo Faki tuliisikiliza mpaka utepe ukapauka,
na mpiga gitaa wa kanda ile
alipiga kama mchumaji akataye tawi alilolikalia:
kila wimbo tunangoja aanguke,
kila wimbo haanguki.

Halafu jalada jipya. Sura nne, moja ngeni,
imesimama pembeni, viatu havijapata kunyanzi.
"Yuko wapi mwenyewe?" Kombo akaniuliza,
utadhani mimi ndiye niliyemfukuza.
Tukakaa kitako kumhukumu mtu kabla hajagusa uzi.

Nyumbani kwetu mwaka ule alikuwapo mgeni mwingine.
Mama aliolewa na Bwana Shaame,
mpimaji karafuu ghalani, mtu wa kauli mbili kwa siku.
Akatundika kofia yake kwenye msumari wa baba.
Sikumsemesha tangu Mfungo Mosi hadi Rajabu.
Sisemi mambo haya yanahusiana.
Nasema msumari ulikuwa mmoja.

Turudi kwenye kanda.

Upande wa kwanza una makosa, sitayaficha.
Ngoma zinalia kama zimo pipani.
Wimbo wa tatu ni wa mapenzi,
kinanda juu yake kama sukari juu ya pweza,
na mwimbaji aliyezoea kunguruma hajui kubembeleza.
Mgeni naye anapiga safi mno:
kila sauti imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa.
"Huyu karani," akasema Kombo,
nikacheka mpaka chai ikanitoka puani.

Upande wa pili, wimbo wa mwisho kasoro mmoja,
dakika ya nne, muziki ukakatika.

Nikasema umeme. Taa inawaka.
Nikasema mashine. Na mie fundi redio, sibabaishwi:
nikashika bisibisi, nikafungua,
nikasafisha kichwa kwa spiriti, nikabadili mpira,
nikarudisha. Pale pale, kimya kile kile,
kisha gitaa likaingia peke yake, chini chini,
kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa.
Nikaandika juu ya jalada: MBOVU.

Miaka kumi na tisa nikaamini hivyo.

Usiku wa hitima ya Bwana Shaame,
watu wametawanyika, masufuria yamerudishwa kwa wenyewe,
niliitia kanda ile, sijui kwa nini,
sauti ndogo, sikio limeegemea spika.
Kimya kilipofika sikunyoosha mkono.
Nikahesabu. Sekunde sita.
Chuma chote kile, wanaume watatu na jasho lao,
wanamngoja mmoja awe tayari.
Yule wa mwanzo asingeweza:
vidole vyake vilijua kila kitu ila kutua.

Nikamkumbuka mpimaji: karafuu kiganjani,
anaivunja kichwa, anainusa, hasemi,
muuzaji anatoka jasho,
na neno likija ni moja tu, nalo ni la haki.

Basi hukumu yangu hii hapa.
Wimbo wa tatu ni makonyo, upelekwe Wawi ukakamuliwe mafuta.
Ngoma, daraja la tatu, na hapo nimewahurumia.
Mgeni, la pili.
Kimya chake, la kwanza: kikavu, hakina unyevu, hakina taka.

Kombo hadi leo anashikilia kanda ile ni mbovu.
Nimemwambia aje, na bisibisi yake.