Kadi Elfu Moja

Tumetoa kadi elfu moja kwa arusi ya Thuraya.
Ukumbi wa Al-Khoudh, wanaume kule, sisi huku,
na mimi, dada mtu, nimekabidhiwa mdila na finjani.

Daktari alilitaja kwa Kiarabu: saraa.
Bibi akaligeuza jikoni, kwa Kiunguja, kwa sauti ya chini:
kifafa.
Nikasikia kufa, kufa kudogo, kunakojirudia.
"Si wewe peke yako," daktari alisema. "Katika kila watu elfu,
wanne, pengine kumi, wanaishi nacho."
Hesabu ile nikaitia mkobani pamoja na vidonge.

Kwa hiyo usiku wa leo sihesabu finjani.
Wa kwanza mimi.

Halafu nani? Mjukuu wa Bi Zuwena,
aliyezaliwa kimya, akachelewa kulia?
Bi Zuwena mwenyewe, ambaye kiharusi kimemlaza nusu ya uso?
Yule msichana aliyeponea homa ya uti wa mgongo?
Binamu yetu Haitham, gari lilimbiringisha njia ya Nizwa,
mkanda kaufunga nyuma ya mgongo ili king'ora kinyamaze?
Au sote, tunaooana mtoto wa ami kwa mtoto wa ami,
damu ikizunguka mitaa ile ile kama maji ya falaji?

Mlango wazi si mgeni kuingia. Wengi wao hawataanguka kamwe.
Na mimi niliyezaliwa kwa kelele, nisiyewahi kugonga kichwa,
nilimwuliza daktari: kwa nini? Akavua miwani.
"Karibu nusu ya wagonjwa wangu," akasema, "sijui."

Posa ilipoletwa, mama wa bwana arusi aliuliza:
"Ukooni kwenu kuna maradhi?"
Mama akanyoosha kitambaa cha meza. "Hamna, alhamdulillahi."
Nilikuwa nyuma ya pazia, nasuuza vikombe.

Saa nne na robo, kati ya halwa na vigelegele,
kitu kikaanguka. Sinia, nilidhani.
Msichana wa miaka kumi na tatu, gauni la kijani,
visigino vinapiga zulia.
"Jini!" mmoja akalia. Mwingine akaja na kijiko.
"Usimtie kitu mdomoni!" Sauti ilikuwa yangu.
Nikautua mdila. Nikamlaza ubavu, shela yangu chini ya kichwa,
nikatazama saa: dakika moja, dakika na nusu, mbili.
Pumzi ikarudi, nzito,
kama ya mtu aliyepandisha gunia ghorofa ya tano.

Aliyepiga magoti upande wa pili, hina mpya mikononi,
alikuwa mama wa bwana arusi.
Hakuniuliza nimejuaje.
Alinyoosha gauni la mwanawe, akalinyoosha tena,
vile vile Mama alivyonyoosha kitambaa.

Wa pili, nikahesabu.
Bado wawili, pengine wanane,
na kahawa inapoa.