Shati la Kitani

Kazi yangu ilikuwa kunakili. Wino, na kitani chenye wanga
kinachong'aa kama utando wa ndani ya yai.
Nilifuata kwa kalamu mistari ya wanaume
katika chumba cha michoro kando ya mto Tyne,
mwaka ambao kila taifa lilitaka manowari
yenye mizinga kumi, yote mikubwa, yote upesi.

Tani elfu ishirini zilipita kwenye ncha ya kalamu yangu.
Ndipo nikauona: mlingoti, nyuma ya bomba la moshi.
Kule juu, ndani ya kikapu cha chuma,
ndiko akaapo mpima masafa,
jicho la meli nzima.

"Na moshi ukienda nyuma?" nikamuuliza Bwana Ridsdale.
"Mlingoti upo hapo, Binti Laidler, ili uinue mashua."
Mashua!
Jicho libanikwe kama samaki
ili mashua ipande na kushuka kwa adabu.
"Wewe nakili," akasema. "Kalamu haina masikio."

Meza ya mwisho, karibu na choo,
Eustace Thirlwell, makombo ya mkate kwenye ndevu,
alikuwa amechora nyingine:
mlingoti mbele, hewa safi,
mizinga mstari mmoja, kama vifungo vya koti,
hakuna mzinga wa ubavuni unaolala nusu ya vita.
Wakubwa wakasema ni ndefu mno, gati haitaipokea.
Gati!
Wakaikunja.

Ile yetu ikashuka mtoni. Tarumbeta, kofia hewani.
Siku ya majaribio walimshusha kijana, Cuthbert Dodd,
viganja vimebabuka, kwani ngazi ilikuwa kikaango.
Shabaha ipo umbali gani?
"Sijui, bwana. Nimeona moshi wetu tu."

Mwaka uliofuata tukachora dada yake.
Mlingoti palepale.
Nilinakili. Sikuuliza tena; hilo nalo liandikwe.

Kitani cha Thirlwell nilikikuta kwenye kapu la taka.
Nikakiloweka, nikakisugua, wanga ukatoka, wino ukafifia,
nikamshonea shati mtoto wa dada yangu.
Haukutoka wote.
Inua pindo dirishani, utaiona omo,
nyembamba, ya samawati,
na mlingoti mahali pake.

Anatambaa nayo jikoni, kasi ajabu.
Jana ameitapikia uji.