Kiti Kitupu

Saa kumi na moja kasoro, Tukuyu.
Mvua ya kwetu haibishi hodi,
imekaa uani kama mgeni aliyesahau kuaga.
Nyuma ya matangi ya maziwa chumba cha seva kina joto
kushinda kitanda changu, ndiyo maana sinung'unikii zamu hii.

Kila saa sita ya usiku kompyuta hulifunga faili la kumbukumbu,
hulibandika tarehe, hulisukuma rafuni,
huweka jipya mezani.
Nalifungua la leo. Sifuri.
La jana, sifuri.
Na mizani za Masoko, Kiwira, Ikuti
hazikulala hata asubuhi moja.
Zimeandika wapi?

Gwakisa, mwezi wa pili kazini, anasema: zima, washa.
Ngoja, kijana. Ikuti wameanza kupima.
Ukimzima karani katikati ya ndoo,
ndoo hiyo utamlipa nani?

Namkumbuka Anyitike, enzi za karatasi.
Daftari lilijaa, meneja akaandika juu yake LIMEFUNGWA,
akalipeleka stoo, basi.
Tulimkuta Anyitike hukohuko, juu ya gunia la pumba,
anajaza pembezoni mwa kurasa
kwa herufi ndogo kama mbegu za ulezi.
Hakuwa mjinga. Kalamu yake ilikuwa ndani ya daftari,
haikuwa ndani ya jina la daftari.
Wala hakustahili kufukuzwa na kuajiriwa upya.
Alihitaji kuguswa bega tu:
Anyitike, lipo jipya mezani.

Basi naufungua utaratibu wa usiku, naushuka mstari kwa mstari.
Mstari wa kugusa bega upo.
Niliuandika mwenyewe.
Unamgusa karani aliyehama Juni,
nilipoibadilisha huduma jina nikajisifu kwa usafi.
Siku tatu mkono wangu unapapasa kiti kitupu,
na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kiti hakilalamiki.

Narekebisha jina. Natuma ishara.
Hakuna kinachozimika; taa za kijani hazipepesi.
Tunangoja.

*Ikuti. Saa kumi na dakika hamsini na mbili.
Tusekile Mwaipopo. Lita saba na nusu.*

Gwakisa anacheka peke yake.
Kisha anauliza, na zile za siku tatu?
Zipo. Zote zimelundikana chini ya tarehe ya Jumatatu.
Kesho kutwa ni malipo.
Vuta kiti, namwambia,
mimi nasoma, wewe andika.