Kabla ya Turbo

Umeinunua dola elfu tisa, Byamungu,
kwa mjane wa Hnatiuk, njia ya kwenda Duchess:
pikapu ya dizeli, kilomita laki tatu na arobaini,
na kutu iliyotafuna sakafu ya dereva
hata lami inakuchungulia kati ya miguu.
Siku hiyohiyo ukaniletea picha ya turbo kwenye simu,
tumbo lake kubwa kama sufuria ya matanga.
Unataka farasi mia zaidi.
Farasi hao watalala wapi? Zizi lenyewe limeoza.

Vaa glavu. Leo hatuongezi kitu.

Nje ni nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Upepo wa Brooks unapenyeza unga wa theluji chini ya mlango
na injini imekesha kwenye waya wa umeme
kama mgonjwa kwenye dripu.
Nimetoka zamu ya usiku kiwandani, mikono bado inanuka ng'ombe,
kwa hiyo nikisema neno mara moja, lishike.

Piga stata.
Usiniangalie mimi, tazama ekzosi.
Moshi mweupe: dizeli imepita bila kuungua.
Mweusi: imeshiba mafuta, ina njaa ya hewa.
Wa buluu ndio wa kuogopa, injini inakunywa oili yake yenyewe
kama mlevi anayeuza bati za nyumba yake.

Sasa geji, silinda mojamoja.
Mia nne. Mia nne na tano. Mia nne kasoro kidogo. Mia nne.
Ya tano: mia tatu na thelathini.
Rudia.
Mia tatu na thelathini.

Na ile chupa ya oili niliyoituma maabara Edmonton
(ulicheka, eti oili nayo inapimwa kama mkojo)
majibu yake haya: chuma kidogo, na chembe za maji ya rejeta.
Wahenga walituachia ufa na ukuta.
Mimi ufa ninao hapa, shika tochi,
mwembamba kuliko unywele, kati ya silinda ya tano na njia ya maji.

Kwa hiyo hela ya turbo tunaigawa:
hedi, gasketi, bolti ngumu zaidi,
pampu ya dizeli, maana ya zamani inasukuma kwa kuombwa,
filta, hosipaipu zote, hata zile zinazong'aa.
Na breki.
Usinune. Breki.
Baba aliteremka Ngomo na lori lisilo na breki
mara moja tu.

Ulikuwa na miaka minne. Nilikubeba mimi.

Chini ya kiti nimekuta daftari la Hnatiuk.
Kila oili aliyobadilisha, kila lita, tarehe, baridi ya siku ile,
kwa penseli, miaka kumi na tisa.
Mwandiko umesimama wima kama ngano,
halafu mwezi wa nne unaanza kulala,
halafu unakuja mwandiko mwingine, wa mviringo,
mstari mmoja:
*Sijui oili gani. Nimeweka ileile aliyoiacha.*

Ulisoma, ukasoma tena, ukaweka simu mfukoni.
Ukaniuliza spana ya kumi na tisa iko wapi.

Tumefungua hedi hadi saa tisa.
Bolti ya mwisho iligoma, tukaipasha moto, tukaisemesha vibaya,
ikaachia kwa mlio uliomwamsha mbwa wa jirani.
Turbo itakuja, labda mwezi wa sita,
ikute nyumba imefagiwa.

Kabla ya kuzima taa ulichukua lile daftari, na penseli yangu ya kuchomelea,
ukaandika chini ya mjane:
tarehe, kilomita, *hedi nje, gaskiti mpya, hatujaongeza kitu.*

Ni gasketi, si gaskiti.
Usifute. Iache hivyo.