Kreti Moja na Ushee

Jumatatu ndiyo siku yangu ya mapumziko.
Nimeshuka Mpunguzi na chupa ya vodka ndani ya begi,
imebaki robo, ya mgeni wa chumba namba tisa
aliyeogopa kukaguliwa uwanja wa ndege.
Nimeizungushia taulo kama kichanga,
maana jirani yangu wa kiti alikuwa mwinjilisti
na pua yake haina likizo.

Septemba. Upepo unapiga deki kwa vumbi.
Nyuma ya nyumba, kreti saba za zabibu
chini ya shuka la kitanda, zinamngoja mnunuzi
aliyesema Alhamisi, akasema Jumamosi,
sasa simu yake inaita tu.
Nyuki wamefika kabla yake. Hawajauliza bei.

Mama anataka kuiona kazi yangu.
Miaka miwili namwambia "niko kaunta",
naye anawaambia wenzake wa kikundi "yuko ofisini".
"Leo nionyeshe," anavuta kigoda,
"nione wanachokulipia."

Haya. Zabibu konzi mbili, nyeusi, zilizoanza kulegea;
hizo ndizo tamu, ngumu ni za kupigia picha.
Naziponda kikombeni kwa mpini wa mwiko,
polepole, maana mbegu ikipasuka
uchungu wake hauombi radhi.
Chujio la chai. Sukari kijiko, ndimu nusu.
Vodka naipima kwa kizibo cha dawa ya kikohozi
na Mama anakohoa, makusudi.

Barafu sasa.
Namtuma Chisomile, mtoto wa dada, kwa Mama Yaledi mwenye friji.
Anarudi kanyoosha mikono, inadondoka:
"Za maji zimeisha. Zipo za ubuyu."
Tatu, nyekundu, za shilingi mia mia;
ya nne iko mdomoni mwake, ushuru wa njia.

Hotelini ningesema samahani, subiri kidogo.
Hapa napasua nailoni kwa meno.

Chombo cha kutikisia sina. Ipo chupa ya chai,
ile ya maua, iliyokunywa tangawizi tangu msiba wa Baba.
Namimina vyote, nafunga, natikisa juu ya bega
kama nilivyofundishwa, shingo wima, tabasamu la kipimo,
na kuku wote wa Mama wanakuja mbio
wakidhani ni mtama.

Glasi ya mguu mrefu nimeibeba ndani ya soksi;
ukingo wake una pengo, ndiyo maana waliitupa.
Kinywaji kinashuka. Si zambarau, si chekundu:
rangi ya goti lililochubuka jana.

Mama anakinusa. Anaizungusha glasi, analikwepa pengo.
Anaonja. Anafumba jicho moja.
"Ni dawa," anasema, "iliyovaa suti."
Anaonja tena, kuhakikisha.

"Na hii mnauza bei gani?"

Nilitaka kudanganya.
Nikamwambia: elfu kumi na nane.

Hakushangaa kwa sauti. Alilitazama lile shuka,
midomo ikihesabu, kilo, mia saba, kilo,
vidole vikikunjwa na kukunjuliwa gotini.
"Kreti moja na ushee," akasema.
Na baadaye, kama anayeisomea glasi:
"Kreti moja na ushee, kwa kikombe kisichojaa."

Upepo ukafunua pembe ya shuka.
Nikatafuta neno la kaunta, yale tunayopewa semina,
sikupata hata la salamu.

Akaimaliza. Akajifuta kwa upindo wa kanga,
akatema mbegu moja iliyopita chujioni,
akanyoosha kiganja.
"Nipe simu. Huyo mwenye hoteli yako anaitwa nani?"

Nami natafuta namba, kidole kikiteleza kwa sukari.
Uani, Chisomile ameikamata ile chupa,
anaitikisa tupu, shingo wima.
Kuku wanarudi.