Habari za Mawe

Ngussa alishusha tatu kutoka kontena la mtumba,
akaziegesha ukutani kwa duka lake la Igoma,
akasema: Nyanzobe, wewe ndiye mwenye magoti,
nenda nazo mlimani, uniambie ipi niiuze ghali.

Magoti! Moja lina kovu la Nyakato,
la pili halijasahau masika ya mwaka juzi.
Lakini nilikwenda.

Njia unaijua kama umewahi kupotea Luchelele:
inaanzia nyuma ya uwanja wa shule,
inajipenyeza kati ya mawe yaliyobebana,
pimbi wakikutazama kutoka juu kama wenye viwanja,
halafu changarawe, halafu mizizi,
halafu jabali tupu limelala kama mgongo wa kiboko,
na chini kabisa, ziwa.

Ya kwanza chuma kitupu, nyekundu, haina springi hata moja.
Hiyo ni mbea.
Hakuna kokoto iliyonificha:
hapa pana mchanga, ilisema viganjani,
hapa panateleza,
hapa jana wamepita ng'ombe na udongo haujakauka.
Kupanda, ilipanda. Nguvu niliyotoa mguuni
ilifika yote kwenye tairi, haikukatwa ushuru njiani.
Kushuka tusiseme mengi.
Nilisimama juu ya pedeli, makalio nyuma ya siti,
meno yakigongana, vidole viwili kwenye breki,
na breki zenyewe za mpira,
zikiomba dua zaidi ya kukamata.

Ya pili ina shokapu mbele na nyuma,
imekunja miguu kama senene.
Nilipoikalia ikainama, nikadhani ni adabu.
Kwenye mwinuko nakanyaga, inabonyea,
nakanyaga, inabonyea,
kama mtu anayeitikia "sawa, sawa"
na hanyanyuki kitini.
Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni alinipita.
"Mwangaluka," akasema, bila kuhema.

Lakini kushuka, jamani!
Jabali likawa godoro.
Mizizi ikawa uvumi wa mtaa wa pili.
Nikaachia breki mahali ambapo mama yangu angefumba macho,
na mwendo ukaingia kimya, bila kubisha hodi,
hadi kwenye kona ya mkonge.
Hapo ndipo nilipojua nakwenda kasi kiasi gani.

Baiskeli laini haikudanganyi.
Inakunyamazia tu.
Nikatazama mbingu kupitia miiba,
tairi la mbele likiendelea kuzunguka,
taratibu, kama halikuwepo.

Ya tatu nilipanda nikichechemea, kwa hiyo niwe mwangalifu:
shokapu mbele, nyuma kavu, magurudumu kama masinia ya harusi.
Ilivuka nyufa zilizozimeza zile mbili,
ila kwenye kona ilichelewa kukata, kama lori la pamba.
Fremu ndefu. Ilitengenezwa kwa mtu mwenye mikono mirefu,
na mtu huyo, huko alikokuwa,
aliulalia mkono wa kushoto;
mpini wa upande huo umelika hadi umeng'aa.
Nilishuka nayo nikiushika palepale aliposhika.
Sikuanguka. Sijui kama ni sifa ya baiskeli.

Ngussa alikuwa akihesabu tyubu.
Ipi?
Nikamwambia, ile laini iuze ghali,
watu hulipia ukimya.
Ndefu isubirishe, mwenyewe atakuja.
Na nyekundu?
Nyekundu usiiandikie bei. Kata kwenye ujira wangu,
kidogokidogo, kama dawa.

Akacheka, akatazama goti langu, akaacha kucheka.

Usiku nilinawa mikono kabla ya ugali,
maji yakatetemeka kwenye beseni.
Viganja vilikuwa bado vinasema:
hapa mchanga,
hapa mzizi,
hapa shika.